Sanduku moja, sesa mistari mitatu

Wiki ya 1. Nakiri: sanduku la mbao la kupandia mboga nilishalichora kabla hata sijashika jembe. Mbao za banda nililobomoa zilikuwepo, nikatafuta sababu ya kuzitumia. Kilichoniokoa ni mashimo mawili, moja karibu na ukuta, jingine kona ya chini, kila moja sentimita 30 kwenda chini. Niliyajaza maji, yakanywewa, nikajaza tena. Kipimo ni hiyo mara ya pili, kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka na kukudanganya.

Shimo la ukutani lilipungua sentimita 6 kwa saa. La konani hata sentimita moja halikufikisha, na asubuhi nikakuta maji bado yapo, mbu kafa juu yake. Mboga nyingi zinataka maji yashuke angalau sentimita 2 na nusu kwa saa. Nikatia udongo wa kona kwenye chupa ya maji, nikatikisa. Mchanga kiduchu ulitua ndani ya dakika moja; maji yenyewe yalibaki rangi ya chai mpaka kesho yake. Mfinyanzi mtupu.

Basi konani sanduku, ukutani sesa, yaani kupanda ardhini moja kwa moja bila kuinua tuta.

Wiki ya 2. Upana mita 1.2, ili nifike katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga ndani. Urefu mita 2.4, kina sentimita 30. Hiyo ni lita 864 za udongo na mboji, na toroli langu hubeba kama lita 60. Pigeni hesabu wenyewe, mgongo wangu umeshapiga. Chini sikutandika nailoni. Nilitifua kwa uma maji yapate njia. Mbao mbili zilizonuka lami nimeziweka kando, maana sitaki kreosoti, ile dawa yenye sumu ya kuhifadhi mbao, karibu na mboga.

Wiki ya 5. Mvua ya siku tatu imeigeuza kona kuwa bwawa. Karoti na spinachi za sandukuni hazikujua. Nikajisifu mapema mno, kwani jua liliporudi sanduku likawa linadai maji kila siku, wakati sesa inavumilia siku tatu. Halafu spinachi za pembeni zikaanza kulegea hata baada ya kumwagilia. Nilipoinama nikaona udongo umejitenga na ubao, ufa wa kuingia kidole, na maji yote yalikuwa yanateremka humo. Nimeushindilia udongo kwa vidole, nikatandaza nyasi kavu, na sasa namwagia katikati, taratibu.

Wiki ya 9. Sanduku limeshuka kama vidole vitatu. Mboji inaendelea kuoza, kwa hiyo kila msimu nitaongeza. Nimeng'oa karoti moja kila upande, bado changa. Ya sandukuni imenyooka. Ya sesa imegawanyika miguu miwili ilipokutana na kokoto, kosa langu, sikuchambua. Spinachi za sesa lakini zimezipita za sandukuni kwa majani, kwa kazi ndogo zaidi, ukiacha magugu. Magugu ya sesa ni balaa.

Kama kona isingetuamisha maji, lile sanduku lingekuwa fundi kujifurahisha tu.

Mbao zilizobaki nimezirudisha stoo. Jana nimechimba shimo la tatu karibu na mlango wa nyuma, nikalijaza mara mbili. Leo asubuhi lilikuwa kavu.