Silikoni mpya juu ya ya zamani? Usithubutu

Mara ya kwanza kuziba hodhi letu la kuogea nilitumia kama dakika 20 tu nikajiona fundi kabisa. Ile silikoni ya zamani, yaani ule utomvu wa kuzibia ufa unaokauka ukawa kama mpira, pale hodhi linapokutana na taili ilikuwa imeota ukungu mweusi, vidoti vidoti ambavyo hata usugue na mswaki mbovu havitoki, na upande wa bombani ilishaachia, ukipitisha ukucha unazama. Nikaona ya nini kujisumbua, nikapaka mpya juu ya ile ile, nyeupe pee, na picha nikapiga. Haikufika hata miezi miwili, siku moja naoga naona kitu kinaning'inia kama tambi, nikakivuta, ikatoka yote kona hadi kona bila kubisha. Chini yake ukungu upo pale pale, tena umenawiri.

Kumbe silikoni mpya haishiki kwenye silikoni iliyokwisha kauka. Inashika taili, inashika kioo, inashika suruali yako unayoipenda, ila ikikutana na ndugu yake mkubwa inamkataa kata kata.

Sasa wikiendi iliyopita nikaanza upya, na niwaambie tu, kuziba kwenyewe ni nusu saa ila kutoa ya zamani kulinimalizia jioni nzima. Upande wa taili nilitumia wembe, unaulaza kabisa uwe karibu sambamba na ukuta afu unausukuma taratibu. Upande wa hodhi sikuthubutu wembe maana letu ni la akriliki, yaani plastiki, likichubuka ndo limechubuka, nikatumia kipande cha plastiki ngumu. Ukishakata mstari wa juu na wa chini inavutika vipande virefu, na hapo utamu wake ni kama kubandua gamba la kidonda kilichopona. Shida ni ule utando mwembamba unaobaki, ambao kwa macho huuoni. Mimi nilikuwa nalowesha kidole napitisha, sasa pakiwa na mabaki maji yanajikusanya vitone vitone kama kwenye jani la mgomba, hapo unarudi kukwangua tena. Mwisho nikafuta na spiriti. Asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) msiguse kama hodhi ni la akriliki, inalila.

Ukungu uliobaki kwenye ufa niliupaka dawa ya klorini ile ya kung'arishia nguo nyeupe, dirisha wazi, nikaiacha kidogo nikasuuza na maji mengi. Na tafadhali usije ukaona siki nayo inasafisha ukazichanganya, inatoka gesi ya klorini na humo bafuni mko wawili tu, wewe na hiyo gesi. Baada ya hapo nikaacha pakauke usiku kucha, maana maji yakibaki ndani ya ufa silikoni haishiki na ukungu umeshautengea chumba chake.

Asubuhi niko na bunduki ya silikoni mkononi, shemeji akapita mlangoni.

"Shemeji, umejaza maji?"

"Ya nini, kwani naenda kuoga?"

"Jaza kwanza ndo uzibe."

Nikadhani ananitania. Lakini fikiria, lita 150 za maji ni kilo 150, ongeza na mtu mzima humo ndani, hodhi lazima linesenese kidogo na ufa unapanuka. Ukiziba likiwa tupu kila anayeoga anaivuta silikoni, leo kidogo kesho kidogo mpaka inaachia. Ukiziba likiwa limejaa, ufa uko kwenye upana wake wa mwisho, maji yakitoka silikoni inabanwa tu, na kubanwa haina shida nako. Kwa hiyo nikajaza (nikahakikisha ufa haulowi), nikakunja suruali, nikasimama humo ndani kwenye maji ya baridi kama navua samaki.

Tepu ya karatasi juu na chini, katikati nikaacha kama milimita 6. Ncha ya mrija nikaikata kimshazari, tundu dogo kuliko ulivyopanga, maana ukikata kubwa inamwagika kama dawa ya meno iliyokanyagwa. Nikapiga mstari mmoja bila kusimama, kidole kwenye maji ya sabuni, nikalainisha mara moja tu. Hapa ndo watu tunaharibu, unaona kakasoro kadogo unarudia, unarudia, mwisho ni matope. Tepu itoe hapo hapo silikoni ikiwa bado mbichi, ukisubiri ipate ngozi inachanika nayo, na ngozi inaweza kuanza ndani ya dakika 10.

Ile harufu ya siki isikutishe, ni asidi ya asetiki inatoka wakati silikoni inakomaa, japo kuna aina zisizonuka hivyo. Na jambo ambalo sikulijua, yenyewe inakomaa kwa kunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo mashine ya kukaushia nywele niliyokuwa nimeshaichomeka haikuwa na kazi yoyote. Unaiacha tu. Mrija wetu uliandikwa saa 24, ila kwa vile kwenye kona nimeweka nene nikaacha siku mbili, maji yamo humo humo yametulia, watu wanakuja kuchungulia kama kuna maiti.

Jana nimefungulia maji yakaondoka, nikapitisha ukucha mstari mzima, hauingii popote. Kona ya nyuma ya bomba ndo nilirudia kidole mara tatu, imetoka na uvimbe kama nundu. Nimeweka chupa ya shampuu pale.