Mfamasia anapokataa kuuza dawa

Katika famasi ninayofanyia kazi, si mbali na mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, wateja wengi hufika bila cheti cha daktari na huitaja dawa kwa rangi. "Dada, nipe rangi mbili za elfu moja," ataniambia mvuvi aliyeshuka asubuhi kutoka visiwani, akiwa na maana ya kapsuli za antibayotiki, na hushangaa ninapoanza kumuuliza kifua kimembana tangu lini na kama anakohoa damu. Dawa hizo ni za cheti. Hata sheria ingeniruhusu, kapsuli chache haziponyi kichomi. Huua vijidudu dhaifu na kuviachia nafasi vilivyo sugu.

Cheti nacho hakimalizi kazi yangu. Mzee aliyeandikiwa siprofloksasini, huku nyumbani akimeza vidonge vya madini ya chuma, lazima aelezwe kwamba madini hayo huizuia dawa kufyonzwa mwilini, hivyo aitangulize kwa angalau saa 2, au asubiri saa 6 baada ya kumeza madini. Nikiona dozi ya mtoto imezidi uzito wake, humpigia simu aliyeandika, kwa kuwa sina mamlaka ya kuirekebisha kimyakimya, hata kama kosa liko wazi. Ninaweza kumpa mgonjwa dawa ya kiwanda kingine yenye kiambato kilekile na nguvu ileile, nikamweleza kwa nini boksi limebadilika. Kuhama kutoka dawa moja kwenda nyingine ni uamuzi wa daktari. (Wateja huniona mkaidi hapo, nami nimezoea.)

Ugumu uko visiwani, ambako nauli ya boti peke yake inaweza kuzidi bei ya dawa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, uliwapa watoa dawa waliopata mafunzo ruhusa ya kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki chache, lakini si kuchoma sindano. Wapo wenzangu wanaouona kama mwanya. Mimi naona ni heri orodha fupi iliyo mikononi mwa mtu aliyefundishwa kuliko mfuko wa vidonge unaozungushwa kambini na mchuuzi wa dagaa. Kwa mvuvi wa Kirumba, hata hivyo, zahanati iko umbali wa kutembea, na huko ndiko ninakomwelekeza.