Zumari iliyogeuka refa

Wimbo ulikuwa wa harusi, na bibi harusi ni mwanakwaya wetu, kwa hiyo sikutaka mzaha. Nilikaa kibarazani hapa Magomeni, Bagamoyo, usiku mbili mfululizo nikiandika noti kwenye kompyuta: sauti nne za kwaya, kinanda mkono wa kulia na wa kushoto, gitaa, gitaa la besi, marimba, na chini kabisa mstari wa zumari, maana kuna mzee wa Kaole aliyeahidi kuja kutupulizia.

Usiku wa tatu nikabonyeza icheze. Mistari tisa, safi. Zumari ilipoingia ukawa mkasa. Noti ya so ikagonga kama kengele ya chuma, la ikachakacha kama manyanga, na kila ilipofika ti ikalia filimbi fupi ya refa. Do ya juu, filimbi ndefu. Mama Neema akauliza kutoka ndani, "Baba Neema, mpira gani huo saa hizi?"

Nikakagua noti moja moja. Hazikuwa na kosa.

Kumbe sikuwa nimeielewa midi, ile lugha ya kompyuta ya kuandikia muziki, na miaka yote hii naitumia. Midi haibebi mlio. Inabeba maagizo tu: bonyeza noti namba 69, kwa nguvu kadhaa, kwenye chaneli fulani, haya, achia. Ni sawa na karatasi ya solfa ninayompa mtu aipeleke kwa kwaya ya Chalinze. Karatasi haina koo, wanaoipokea ndio wenye sauti. Ndiyo maana faili lile lile linalia vizuri kwangu na vibaya kwenye simu ya katibu wa kwaya (ambaye hunilaumu mimi).

Chaneli ziko 16, na kila moja inashika mlio mmoja kwa wakati mmoja. Milio inachaguliwa kwa namba kutoka kwenye orodha ya 128, iliyowekwa mwaka 1991 kwa jina la General MIDI: 1 ni piano, 20 kinanda cha kanisani, 41 fidla. Lakini orodha hiyo hiyo imeitenga chaneli ya 10 kwa ngoma na vitu vya kugonga. Humo noti haisemi sauti ipande au ishuke, inataja kifaa: 36 ngoma ya mguu, 70 manyanga, 71 filimbi fupi, 72 filimbi ndefu. Programu yangu, ya zamani kidogo, kila nikiongeza mstari inaupa chaneli inayofuata. Hesabu mwenyewe zumari ilikuwa mstari wa ngapi.

Nikaihamishia chaneli ya 11, refa akanyamaza.

Ikabaki kutafuta mlio. Zumari haimo kwenye orodha. Imo shanai ya Kihindi, namba 112, nayo hupulizwa kwa ulimi wa matete kama zumari yetu. Nikaandika 112, kikalia kikengele! Kisanduku cha kuandikia namba kwenye programu yangu kinahesabu kuanzia 0, kwa hiyo 112 yake ni 113 ya orodha. Hapo nilitamani kulala. Nikaandika 111, shanai ikaitika.

Mzee alipokuja mazoezini nikamsikilizisha. Akainamia spika mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu anameza mate saa ngapi?" Akafungua kitambaa, akatoa zumari yake, akaanza kulowesha ule ulimi wa matete mdomoni.

Vijana wa besi nao wananisumbua niwarushie faili la kwanza, lile lenye refa. Nimewaambia nimelifuta. Sijalifuta.