Majani yasifagiliwe: kutoka Kirstenbosch hadi Mbeya

Kazi yangu ni kutunza bustani za watu hapa Mbeya: nyumba kadhaa za Forest na Iwambi, na nyumba ya wageni moja kule Uyole. Kwa hiyo dada yangu anayeishi Cape Town aliponiita nikamtembelee, nilishajua pa kwenda. Safari ya basi kupitia Tunduma naiacha; aliyewahi kuvuka mpaka ule anaujua.

Bustani ya Kirstenbosch ipo hukohuko Cape Town, kwenye mteremko wa mashariki wa mlima Table Mountain. Ilianzishwa mwaka 1913, na karibu kila kilichopandwa humo ni mmea wa Afrika Kusini yenyewe. Kuna daraja refu la kupita juu ya miti, lilifunguliwa 2014, na ndilo kila mtu hulipigia picha. Mimi nilibaki chini na maua. Nikakuta zile geranium na agapanthus ambazo wateja wangu huziita maua ya Ulaya; kumbe asili yake ni hukohuko kusini mwa Afrika.

Lakini kilichonikalisha ni udongo. Nilichuchumaa pembeni mwa tuta, nikaingiza vidole. Juu palikuwa na vipande vya matawi yaliyosagwa. Chini yake majani yaliyooza nusu, yameshikana kwa nyuzi nyeupe za kuvu. Halafu udongo mweusi, una unyevu. Na ilikuwa Februari, ilhali Cape mvua zao hunyesha kipindi cha baridi, Mei hadi Agosti. Februari kwao ni jua kali na upepo.

Sisi mvua zikikatika Mei, tunasubiri mpaka Novemba, na bado tunafagia. Bustani inayosifiwa huku ni ile iliyofagiliwa mpaka alama za ufagio zionekane, udongo uko uchi, jioni mtu anahangaika na mpira wa maji.

Niliporudi nilianza na mteja wa Forest, mama mstaafu mwenye mawaridi mengi. Kutoka nje tu akashika kiuno.

"Wewe kijana, mbona umenimwagia takataka mlangoni?"

"Shikamoo mama. Hayo ni matandazo, ya kufunika udongo usikauke. Nipe kiangazi hiki kimoja tu, bili ya maji isipopungua nakuja kuyazoa mwenyewe."

"Marahaba. Haya, tutaona."

Natumia maganda ya kahawa kutoka Mbozi, nachanganya na majani makavu ya mgrevilea, unene wa sentimita 7 hivi. Natandaza mwishoni mwa mvua, ardhi ikiwa bado imelowa, maana ukifunika udongo mkavu umefungia ukavu ndani. Kuzunguka shina naacha nafasi ya kiganja, lisije likaoza. Pumba za mpunga za Mbarali ni rahisi kupata, ila ni nyepesi, upepo wa Agosti unazihamishia kwa jirani. Majani ya mkaratusi siyataki kabisa kwenye maua. Bili ilipungua, na mama sasa ndiye anayemkemea binti wa kazi akiona ufagio chini ya mawaridi.

Mimea sikubeba. Mche ukivuka mpaka unataka kibali na cheti cha afya ya mimea, na sikuona sababu ya kuhangaika. Kule Kirstenbosch nilikuta maua ya Kniphofia yamepangwa kwa heshima zote, na ndugu zake wanaota wenyewe kwenye nyasi za Kitulo, pale watu wanapopaita Bustani ya Mungu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hung'oi kitu. Yangu nilichukua pembezoni mwa shamba la viazi la mjomba, Isongole, kabla hajalima. Nilitenganisha vishina mvua za kwanza zilipoanza, nikavipanda kwenye nyumba ya wageni. Wageni wanauliza zimeagizwa wapi. Nawaambia Isongole, hawaamini.

Kama una mmea wa maua uitwao protea, usiuwekee samadi wala mbolea ya DAP. Mizizi yake imezoea udongo maskini na fosforasi nyingi huiua. Huku watu humwagia samadi kwa upendo kisha wanashangaa inakauka.

Usumbufu uliobaki ni kuku. Wanachakura matandazo wakitafuta minyoo. Nikishapogoa mawaridi naweka matawi yenye miiba juu yake, na wengi huacha. Kuna jogoo mmoja Iwambi hajali miiba. Nimemwambia mwenye jogoo huyo amfungie.