Konda akisema Igoma mi nasikia Goma

Kwetu hapa Mwanza konda anapiga kelele "Igoma Igoma, wawili twende", watu wanapanda zao. Mi Januari 2025 nikisikia hivyo miguu inaisha nguvu, maana mume wangu alikua Kongo na kikosi cha SADC na Goma ndo ilikua inachukuliwa na waasi wa M23. Tarehe 27 wakaingia mjini. Meseji yangu ya mwisho ikakaa na tiki moja siku tano.

Yani hakuna kitu nlichukia kama namba ngeni. Ikiita nampa mtoto apokee (najua, sio vizuri). Kichwani ni Semuliki tu, huko huko Kongo, 2017, wanajeshi wetu 14 waliuawa kwa mpigo, nlikua nimeolewa juzi juzi. Alafu magrupu ya ukoo, kila saa mtu anatupia video ya milipuko na kuuliza huyu sio baba Juni? Nikalefti yote. Nikamwambia shem, habari angalia we, mi nipigie kama kuna taarifa ya jeshi lenyewe, sio ya mtu kaambiwa na mtu.

Kilichonishika ni dagaa. Zile siku zilikua za giza, mwezi haupo, mitumbwi inarudi imejaa, basi alfajiri niko Mwaloni Kirumba nagombania ndoo na wenzangu. Ukianika dagaa huwezi kukaa na simu, unageuza, unafukuza kunguru, wingu likitanda tu unakimbia kukusanya maana wakilowa wanaoza na mtaji umeenda. Usiku nalala hata masaa matatu, nani alikua anapata hayo. Mwanzo nlikua naitolea macho saa ya ukutani natoa saa moja, maana Goma wako nyuma yetu saa moja, najiuliza sa hivi yuko lindo au kalala. Nikaishusha ile saa nikaiweka chini ya kitanda.

Siku ya sita ikaita namba ya Kongo, +243. Mikono imejaa magamba, Juni yuko shule, nikapokea mwenyewe.

"Mama Juni, mi mzima. Simu ya mtu hii. Mmekula?"

Nlikua na mambo mia ya kumwambia, nikajikuta nasema dagaa wameshuka bei na Juni kang'oka jino. Akacheka. Ikakatika.