Manyoya Yatoke Mazima: Vimeng'enya Katika Usindikaji wa Ngozi

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoingia katika maabara ya kiwanda cha kusindika ngozi ilikuwa kuchota majitaka ya pipa la kutolea manyoya. Pipa lenyewe ni kubwa kama chumba, limelala ubavu, huzunguka polepole usiku kucha, na asubuhi huzibuliwa ili maji yake yashuke mferejini. Nilichokinga kwenye chupa hakikuwa maji. Kilikuwa uji wa kijivu uliokoza, wenye uvundo wa mayai viza, na ingawa jioni iliyotangulia ngozi za ng'ombe zilikuwa zimeingia pipani na manyoya yake yote, sikuona ndani ya uji ule unyoya hata mmoja. "Hayo ndiyo manyoya yenyewe, mwanangu," aliniambia fundi mmoja mzee, akielekeza kidole kwenye chupa yangu.

Naanza na chupa ile kwa sababu maandishi mengi yanayovisifu vimeng'enya, yaani protini za viumbe hai zinazochochea mabadiliko ya kikemikali, husema kwamba vinasindika ngozi bila kemikali, na usemi huo unapotosha. Kimeng'enya hakisindiki ngozi, bali huiandaa. Kusindika kwa maana yake halisi, yaani kuifanya ngozi isioze tena, bado hufanywa na chumvi za kromiamu au na dawa za mimea kama magome ya miti, na hilo huja baadaye kabisa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uchafu wa kikaboni unaotoka kiwandani hutokana na maandalizi, kabla kromiamu haijaguswa. Tani moja ya ngozi mbichi zilizotiwa chumvi hutoa takriban kilo 200 hadi 250 tu za ngozi iliyokamilika, na kwa mtindo wa zamani tani hiyo hunywa mita za ujazo 30 hadi 40 za maji, au hata zaidi. Kilichobaki, yaani manyoya, mafuta, nyama, damu na chumvi, lazima kiende mahali fulani.

Ngozi ya mnyama ina matabaka, na mtengenezaji analihitaji lile la kati peke yake, ambalo limejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Juu yake kuna tabaka jembamba lenye manyoya, chini yake kuna mafuta na mabaki ya nyama, na katikati ya nyuzi za kolajeni zenyewe kumejaa protini nyingine laini ambazo zisipotolewa ngozi hukauka na kuwa ngumu kama ubao. Njia iliyozoeleka ya kuondoa manyoya ni chokaa pamoja na salfidi ya sodiamu. Chokaa huipandisha pH ya maji, yaani kipimo cha tindikali na alikali, hadi kupita 12, na salfidi huvunja viungo vya salfa vinavyoishikilia keratini, ile protini ya manyoya na kwato, hata unyoya mzima ukawa lojolojo. Njia hii ni ya haraka, ni rahisi kwa bei, na haihitaji mtu wa kukesha. Hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake.

Gharama yake hulipwa kwingine. Keratini iliyoyeyuka hupandisha kiasi cha oksijeni ambacho maji yatahitaji ili yasafike, huongeza nitrojeni, na huacha tope ambalo mitambo ya kusafishia hulisaga kwa taabu. Salfidi nayo ni hatari ya namna nyingine: maji yake yakikutana na tindikali, au pH yake ikishuka kwa sababu yoyote, hutoka gesi ya salfidi ya hidrojeni, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama kwenye mashimo na mifereji. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kwa kiasi kidogo hunuka sana, ilhali kwa kiasi kikubwa huiua pua kwanza, na mtu hudhani hewa imetakata kumbe ndipo inapomuua. Wafanyakazi wamekufa katika mashimo ya majitaka ya viwanda vya ngozi kwa njia hiyo, na mara nyingine waliofuata kuwaokoa wamekufa pamoja nao.

Sasa kimeng'enya kinaingia wapi? Proteasi, yaani kimeng'enya kinachokata protini, hakihangaiki na unyoya uliokomaa, maana keratini yake ni ngumu mno. Kinachoshambuliwa ni shina: chembe changa zinazouzunguka mzizi wa unyoya, ambazo bado hazijakomaa kuwa keratini ngumu, pamoja na ule utando mwembamba unaolitenga tabaka la juu na la kati. Utando ukishalegea, unyoya huteleza na kutoka mzima, na kinachobaki majini kinaweza kuchujwa kwa wavu. Tofauti kati ya njia hizi mbili, ukiitazama kwa jicho la mtu wa majitaka, yote iko hapo: salfidi huigeuza taka ngumu kuwa taka ya maji, na kimeng'enya huiacha taka ngumu ikae katika hali yake.

Swali la haki ni kwa nini proteasi haili ngozi yenyewe, kwa kuwa kolajeni nayo ni protini. Jibu liko katika umbo lake. Kolajeni ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu, na msokoto huo umebana kiasi kwamba makali ya proteasi nyingi hayapati mahali pa kushika, maadamu kamba haijaharibiwa na joto au na bakteria. Ndiyo maana viwanda vinavyotengeneza vimeng'enya hivi, kwa kufuga bakteria kama Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis au kuvu kama Aspergillus oryzae ndani ya matangi, hujitahidi kuhakikisha hamna kolajenasi, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kuikata kamba hiyo. Ikiingia hata kidogo, hesabu nzima huharibika.

Wazo hili si geni kama matangazo yanavyotaka tuamini. Kwa karne nyingi, ngozi iliyokwisha kutolewa manyoya ililainishwa kwa kuloweshwa katika maji ya uvuguvugu yaliyokorogewa kinyesi cha mbwa au mavi ya njiwa, na mjini London katika karne ya 19 walikuwako watu walioishi kwa kuokota kinyesi cha mbwa barabarani na kuwauzia watengenezaji wa ngozi. Hakuna aliyejua ni nini hasa ndani ya kinyesi kilichofanya kazi. Mkemia Mjerumani Otto Röhm ndiye aliyefikiri kwamba siri haikuwa katika uchafu bali katika vimeng'enya vya umeng'enyaji wa chakula, akavitoa katika kongosho la wanyama, na mwaka 1907 yeye na mwenzake Otto Haas wakaanzisha kampuni mjini Esslingen ili kuviuza kwa jina la Oropon. Mbwa wakapumzishwa. Miaka michache baadaye Röhm alivitia vimeng'enya hivyohivyo katika dawa ya kufulia nguo, kwa hiyo sabuni za unga zenye vimeng'enya na viatu vya ngozi laini ni ndugu wa tumbo moja.

Hatua hiyo ya kulainisha ingali inafanywa kwa vimeng'enya karibu kila mahali, kwa joto la nyuzi 35 hadi 37 na pH ya 8 hadi 8.5, na ndiyo iliyonifundisha kwamba kazi hii ni ya mkono kama ilivyo ya vipimo. Fundi huvuta ngozi moja kutoka pipani, inayoteleza kama samaki, huikunja na kuibana kwa dole gumba na kidole cha shahada, kisha huachia na kutazama. Ngozi ambayo bado haijaiva hujibenua na kuifuta alama ya dole papo hapo. Iliyoiva hubaki na alama hiyo kwa muda, kama donge la unga lililokandwa vizuri. Kuna jaribio jingine la ngozi nyembamba za mbuzi na kondoo: hukunjwa kama kifuko kilichofungia hewa, kikaminywa, na iwapo viputo vya hewa vinapenya kupitia vitundu vya manyoya, nyuzi zimefunguka. Nilikuwa na kipimapH cha kisasa mkononi, na kila mara nilimngojea yule mzee atoe hukumu ya dole lake.

Siku aliyokosekana, tuliharibu kazi. Tulikuwa tunajaribu proteasi ya kutolea manyoya kwa ngozi za mbuzi, majaribio yalikuwa yamekwenda vizuri kwa majuma kadhaa, na kipimajoto cha pipa moja kikashindwa bila mtu kujua. Maji yalipata joto zaidi ya tulivyopanga, na pipa likaachwa lizunguke hadi zamu ya asubuhi. Manyoya yalikuwa yametoka yote, safi kabisa, nami nikashangilia kabla ya kugusa. Nilipopitisha ukucha, uso wa ngozi ulimenyuka kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemshwa, na chini yake nyuzi zikaonekana zimelegea. Salfidi ikizidi muda kwa saa mbili, mara nyingi ngozi huvumilia. Kimeng'enya hakina adabu hiyo: kikimaliza kazi uliyokituma, huendelea na kilicho karibu.

Hapo ndipo penye kizuizi halisi, na nadhani watafiti wengine hukipita haraka mno. Mwenye kiwanda anaponunua salfidi ananunua kilo, na kilo moja ni sawa na nyingine. Anaponunua kimeng'enya ananunua nguvu ya kufanya kazi, ambayo hupimwa kwa vizio vya utendaji na hupungua ghalani kwa joto na unyevu. Zaidi ya hayo, kimeng'enya peke yake mara nyingi huacha malaika, vile vinywele vyororo ambavyo havionekani mpaka ngozi itiwe rangi, na hakiivimbishi ngozi kama chokaa inavyofanya, ilhali uvimbe huo husaidia kuzifungua nyuzi. Kwa sababu hizo viwanda vingi vilivyobadilika vimechukua njia ya katikati: proteasi pamoja na salfidi iliyopunguzwa sana, na chokaa kidogo kwa ajili ya uvimbe. Kusema kweli, kuna hata njia ya kuyaokoa manyoya bila kimeng'enya chochote, kwa kutanguliza chokaa ili unyoya ukakamae kisha kutia salfidi kidogo ishambulie mzizi peke yake. Anayetaka kusifia vimeng'enya anapaswa kuvilinganisha na njia hiyo, badala ya kuvilinganisha na kiwanda kichafu kuliko vyote.

Unga wa vimeng'enya una hatari yake pia, na nalitaja hili kwa kuwa neno "asilia" huwalegeza watu. Vumbi lake likivutwa mara kwa mara huweza kuleta pumu, jambo lililodhihirika mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa wafanyakazi wa viwanda vya sabuni. Siku hizi huuzwa kwa punje zilizofunikwa au kwa maji, lakini nimeona punje zikisagwa na kuwa vumbi kwa uzembe wa kuburuta magunia.

Faida ambayo haina ubishi mkubwa iko kwenye mafuta. Ngozi ya kondoo huweza kuwa na mafuta mengi sana, na zamani yaliondolewa kwa mafuta ya taa na viyeyusho vya jamii hiyo, au kwa sabuni za nonilifenoli ambazo Umoja wa Ulaya ulizibana kwa agizo la mwaka 2003 kutokana na madhara yake kwa viumbe vya majini. Lipasi, yaani kimeng'enya cha mafuta, hukata mafuta yawe asidi za mafuta na gliserini, ambazo husuuzwa kwa sabuni kidogo tu. Haiondoi haja ya sabuni kabisa, ila huipunguza kiasi cha kuonekana kwenye vipimo.

Kuna mambo mawili ambayo kimeng'enya hakiyagusi. La kwanza ni chumvi ya kuhifadhia ngozi mbichi, ambayo huyeyuka kwenye maji ya kwanza ya kulowekea na kupita katika mitambo mingi ya kusafishia kama ilivyoingia. La pili ni kromiamu isiyonaswa na ngozi, ingawa hata hapa proteasi imepata kazi ya pembeni: vile vipande vinavyonyolewa ili kusawazisha unene wa ngozi iliyosindikwa huweza kumeng'enywa kwa alikali na proteasi, protini ikatoka upande mmoja na kromiamu ikabaki upande mwingine kama tope linaloweza kutumika tena. Wapo pia wanaojaribu transiglutaminasi, kimeng'enya kinachounganisha protini badala ya kuzikata, na huyo ndiye pekee katika ukoo huu anayeelekea kukaribia usindikaji wenyewe.

Pale kiwandani tuliishia kwenye ile njia ya katikati, tukafunga wavu wa chuma unaozunguka mbele ya mfereji. Asubuhi ya kwanza nilikwenda na chupa yangu kama kawaida. Maji yalikuwa na ukungu wa maziwa, harufu ya mayai viza ilikuwapo lakini ilibidi uinamie, na kwenye wavu kulikuwa na lundo la manyoya mekundu na meusi, mazima, yenye mizizi yake, yakitiririka maji. Yule mzee alichukua bumba moja, akalikamua, akalinusa, akauliza nani atayabeba. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Yana nitrojeni ya kutosha kuwa mbolea, lakini huoza polepole, na kwa majuma mawili ya mwanzo yalijaa nyuma ya ghala mpaka tukapata mkulima aliyekubali kuyachanganya na samadi yake.