Kidahalo kimefika Los Angeles, Mkunumbi bado

Mwaka 1992 jarida la Language, la chama cha wanaisimu wa Marekani, lilitoa makala mbili ambazo watu wa fani hii wanazibishania mpaka leo. Ya kwanza ilitoka Machi, ya Ken Hale na wenzake. Humo Michael Krauss, bingwa wa lugha za Alaska, alipiga hesabu akaonya kwamba karne iliyokuwa inakuja huenda ikaziua asilimia 90 ya lugha za wanadamu, au ikaziacha bila mtoto wa kuzirithi. Ya pili ilitoka mwisho wa mwaka. Aliyeiandika ni Peter Ladefoged, mtaalamu wa sauti za lugha huko Los Angeles, na kisa alichokitumia kuwajibu wenzake alikiokota huku kwetu, pwani ya Kenya.

Alikuwa akifanya kazi na Wadahalo, watu mia kadhaa tu. Akamuuliza mmoja wao kama wanawe wanazungumza Kidahalo. Yule bwana akasema hapana, wanakisikia lakini hawakisemi, wao ni Kiswahili tu. Alikuwa akitabasamu. Watoto wamesoma, wanajua mambo asiyoyajua yeye, na hilo lilimpa fahari. Ladefoged akamaliza kwa kuuliza: mimi ni nani hata niseme huyu amekosea?

Sasa, mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, upande wa bara wa kaunti ya Lamu. Hicho Kiswahili kinachotajwa pale ndicho kinachonilipa mshahara. Kwa hiyo wasomi wa Ulaya na Marekani wanapozozana kuhusu lugha zinazokufa, sisi tulio karibu na jeneza tuna la kusema pia.

Kwanza niwaeleze hao Wadahalo, maana hata watu wa Lamu wengi hawawajui. Wanaishi bara, upande wa Witu na Mkunumbi. Huku huitwa Wasanye, jina ambalo watu humbandika kila aliyewahi kuwa mwindaji, bila kujali nyumbani kwao wanasema lugha gani. Maisha yao yalikuwa msitu: nyama, asali, mishale. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, na ukitaka kujua maneno ya lugha huenda wapi, anzia hapo. Kijana asiyekwenda msituni na babake atajifunzia wapi majina ya nyayo?

Lugha yenyewe ni ya Kikushi, jamii moja na Kisomali na Kioromo, lakini ina kitu ambacho ndugu zake hao hawana: vidoko. Ndiyo, vidoko, ule mlio wa ulimi kwenye meno anaoutoa mtu akisikitika. Kwa Wadahalo huo mlio ni konsonanti, umo ndani ya neno. Maneno yenye vidoko yanapata kama arobaini hivi, na wanaisimu wanadhani ni mabaki ya lugha nyingine kabisa, ambayo mababu zao waliiacha walipohamia Kikushi. Yaani hawa watu wamekwisha kuhama lugha mara moja huko nyuma, na wakaondoka na vijineno arobaini mkononi. Zaidi ya vidoko wana b na d za kuvuta pumzi ndani (sema "baba" polepole, utaisikia, hata sisi tunayo) na zile za kufyatua pumzi kutoka kooni, juu ya sauti za kawaida. Njia zote nne kubwa za kutengeneza konsonanti zimekaa kwenye lugha moja. Ndiyo maana mtu alikuwa tayari kutoka California mpaka huku, na barabara zetu mnazijua.

Si yeye peke yake aliyekuja. Mwaka 1989 Christopher Ehret, Edward Elderkin na Derek Nurse walichapisha msamiati wa Kidahalo na kuchambua kila neno limetoka wapi. Mwaka 1991 Mwitaliano Mauro Tosco akatoa sarufi yake, ikachapishwa Hamburg. Mwaka 1993 Ian Maddieson, Siniša Spajić, Bonny Sands na Ladefoged mwenyewe wakatoa uchunguzi wa sauti. Msamiati na uchunguzi wa sauti vyote vilitokea kwenye jarida la Köln, lile lile ambalo mwaka uliofuata lilizaa Swahili Forum tunayoisoma walimu wa Kiswahili. Waitaliano, Waingereza, Wamarekani na wachapishaji wa Kijerumani, kila mmoja alichukua kipande chake, na cha mmoja kikamsaidia mwingine. Kwa lugha ya watu mia kadhaa, hiyo ni bahati. Ziko lugha zenye wasemaji laki kadhaa ambazo hazijapata nusu ya hapo.

Lakini vyote hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Mdahalo na mgeni wakikutana huku, wanakutania kwenye Kiswahili, halafu kitabu kikitoka Kiswahili hakionekani.

Baadhi ya kanda za Kidahalo zimewekwa mtandaoni na maabara ya fonetiki ya Los Angeles, pamoja na karatasi za orodha za maneno. Niliziweka kwenye simu, nikaenda kwa mzee mmoja karibu na Mkunumbi ambaye mjukuu wake nilimfundisha. Nilitarajia atafurahi. Alisikiliza, akaniomba nirudishe, akasikiliza tena, simu ameisogeza sikioni kabisa.

"Mwalimu," akasema, "mbona hawa hawasalimiani?"

Nikamwambia, babu, walikuwa wakiulizwa neno moja moja.

"Ndiyo, nasikia. Anataja tu vitu kama karani anayehesabu mizigo."

Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba mzee alikuwa amegusa pale pale alipopagusa mwanaisimu Nikolaus Himmelmann mwaka 1998, alipoandika kwamba kuhifadhi lugha ni kazi tofauti na kuichambua: rekodi watu wanavyozungumza hasa, wakitaniana, wakigombana, wakielekezana njia, hata kama leo hujui utaitumia kwa nini. Kuanzia hapo fedha zikaanza kufuata mkondo huo. Wakfu wa Volkswagen ulianza kufadhili DOBES, mradi wa kurekodi lugha zilizo hatarini, mwaka 2000, na miaka miwili baadaye shirika la hisani la Arcadia likaanzisha mfuko wake wa kazi hiyo hiyo London. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, wakatengeneza programu ya kompyuta iitwayo ELAN, ambayo unaweka video juu, na chini yake mistari: wa lugha yenyewe, wa tafsiri, na mwingine wowote unaoutaka. Huo "mwingine wowote" ndio ninaoutolea macho. Kwa nini usiwe wa Kiswahili, kila mara, kwa kila lugha inayorekodiwa Afrika Mashariki? Hakuna gharama ya kutisha hapo. Anatakiwa mtu mmoja anayejua Kiswahili vizuri, apewe jina lake kwenye kazi na alipwe. Sisi tunaolala na kuamka kwenye Kiswahili tuko wengi, na wengine tunamaliza shahada tukitafuta kazi.

Nirudi kwa Ladefoged. Nancy Dorian, aliyetumia miaka mingi na Wagaeli wa Scotland, alimjibu mwaka 1993. Alisema kwa kifupi kwamba baba anaweza kutabasamu, lakini subiri wajukuu: wao ndio huja kuuliza kwa nini hawakupewa. Mimi nampa Dorian haki, ila si yote. Yule baba wa 1992 hakuwa na chaguo mbili mbele yake. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto anaweza kujua Kiswahili na Kidahalo vyote, na bado akapita mtihani. Shuleni mpaka leo kuna walimu wanaodhani lugha ya nyumbani inakula nafasi ya lugha ya darasani, na nimeketi nao kwenye mikutano, wanasema bila aibu. Kwa hiyo swali la "mimi ni nani" naona Ladefoged alikuwa na haki ya kulikwepa, mgeni anayerudi kwao. Mimi sina pa kukwepea.

Tunachofanya sasa na yule mzee ni kidogo. Tunapitia orodha ya maneno, naandika maana kwa Kiswahili kwenye daftari, pembeni kabisa ya tahajia za wanaisimu. Kila neno lazima alitie kwenye sentensi, hilo ni sharti lake, na sentensi zenyewe huwa ni za kumsema mtu fulani wa kijijini. Mjukuu ndiye anayerekodi kwa simu. Majina ya mimea yanakwenda haraka kuliko nilivyodhani. Neno la nyati bado limekwama, maana dada yake mzee anashikilia kwamba kakake analisema kama watu wa Witu, na ameapa hatarekodiwa mpaka lisahihishwe.